Nyumba Sita Katika Kila Mia

Neno karavani limetembea sana. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ya kwanza ni msafara wa watu na wanyama wao waliokwenda pamoja kwa ajili ya usalama. Wazungu walilichukua, na katika karne ya 19 wakaja nalo kwetu kuitia misafara ya Bagamoyo na Ujiji, ya watu waliobeba pembe na vitambaa mabegani. Leo huko kwao neno hilo hilo ni jina la nyumba ndogo ya magurudumu, yenye vitanda, jiko la gesi na tangi la maji, inayokokotwa nyuma ya gari. Wahispania wameliongezea maana nyingine: kwao caravana ni pia foleni ya magari yaliyokwama barabarani. Anayesafiri Hispania mwezi wa Julai huweza kuzipata maana hizi zote kwa siku moja.

Kiangazi cha mwaka 2023 binti yangu na mumewe, wanaoishi Ujerumani, walikodi karavani wakatuchukua mimi, mama yao na wajukuu wetu wawili. Tuliingia Hispania kwa njia ya mpaka wa La Jonquera, tukashuka na pwani ya Bahari ya Kati mpaka Algeciras, karibu na mwisho wa kusini. Zilikuwa siku ishirini na moja. Mke wangu alipoiona karavani kwa mara ya kwanza aliizunguka, akachungulia ndani, kisha akauliza, "Nyumba gani hii isiyo na baraza? Mgeni akija atakaa wapi?" Jibu alilipata jioni ya kwanza kambini. Baraza ni turubai linalokunjuliwa ubavuni, na wageni ni Waholanzi.

Kila mtu katika safari kama hiyo hupewa kazi. Mkwe wangu aliendesha, binti yangu alisoma ramani, wajukuu walitafuta kokoto za kuzuia magurudumu. Mimi nilipewa maji. Kila jioni nilichukua dumu, nikaenda kwenye bomba la kambi, nikapanga foleni pamoja na wazee wenzangu wa Ulaya, nikarudi kujaza tangi. Hapana shaka ni kazi hiyo iliyonifanya niitazame Hispania yote kwa jicho la maji. Tena mimi ni mtu wa Upare. Nimekulia penye ndiva, yale mabwawa madogo yanayokusanya maji ya kijito usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe kwa zamu, shamba baada ya shamba. Nimewaona watu wazima, tena wa ukoo mmoja, wakiinuliana majembe kwa sababu ya zamu ya saa moja. Mtu aliyelelewa hivyo hawezi kuona mfereji akaupita bila kuuliza umetoka wapi na nani anaufungua.

Mwaka ule Katalunya ilikuwa katika ukame mkali. Tuliacha barabara kuu kwa siku moja kwenda kuliona bwawa la Sau, lililojengwa miaka ya 1960 na kukifunika kijiji cha Sant Romà. Katika miaka ya kawaida huonekana ncha tu ya mnara wa kanisa juu ya maji. Sisi tulilikuta kanisa zima, la karne ya 11, limesimama kwenye tope lililopasuka, na watu wakilipiga picha. Mjukuu wangu mkubwa aliuliza watu wa kijiji walikwenda wapi. Baba yake akamwambia walihamishwa. "Waliulizwa?" Hakuna aliyemjibu, tukarudi garini.

Kusini zaidi, karibu na mdomo wa mto Ebro, ipo sehemu ambayo msafiri wa karavani anayejua historia huipita kimya. Tarehe 11 Julai 1978 lori lililobeba gesi ya propilini kupita kiasi cha uwezo wake lililipuka kando ya kambi ya Los Alfaques, mchana, watu wakiwa katika mavazi ya kuogelea. Walikufa zaidi ya 200, wengi wao watalii wa kigeni waliokuja na karavani na mahema kama sisi. Lori lilipitia barabara ya zamani ya pwani badala ya ile kuu yenye kulipiwa. Mtanzania anayekumbuka Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa nifike Valencia, ambako ndiko hasa kalamu yangu ilikuwa ikielekea.

Kila Alhamisi, saa sita mchana, nje ya mlango wa kanisa kuu uitwao Mlango wa Mitume, hukaa Mahakama ya Maji. Ni wakulima wanane waliovaa majoho meusi, wamekaa kwenye viti vilivyopangwa duara, kila mmoja akiwakilisha mfereji mmoja kati ya ile inayogawanya maji ya mto Turia kwa mashamba yanayouzunguka mji. Tarishi huita jina la mfereji mmoja baada ya mwingine, akiuliza kama yupo aliyeshitakiwa. Kama hayupo, wanainuka na kwenda zao, na watalii waliongoja kwa saa nzima hubaki wakitazamana. Akiwapo, kesi husikilizwa papo hapo kwa mdomo, bila wakili. Mwenyekiti humwonyesha kwa mguu anayepaswa kusema. Aliyefungulia maji siku isiyo zamu yake, au aliyeacha mfereji wake ukajaa majani, hutozwa faini, wala hana pa kukatia rufaa. Watu wa huko huipeleka asili ya mahakama hii hadi enzi ya makhalifa wa Cordoba, miaka zaidi ya 1000 iliyopita. Mwaka 2009 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa binadamu. Alhamisi yetu haikuwa na mshitakiwa. Yote yalikwisha kwa dakika chache, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuona nilichokijia. Toa majoho, weka mashuka na fimbo, na wazee wale ungewaweka kando ya ndiva yoyote ya Upare wakaendelea na kazi bila kuelekezwa.

Yule tarishi kwa Kihispania huitwa alguacil, neno lililotoka katika Kiarabu, al-wazir. Waziri! Kwetu neno hilo limepanda mpaka likapata bendera kwenye gari; kwao limeshuka likawa mtu wa kuita majina mlangoni. Kadhi naye amekuwa alcalde, yaani meya. Tangu siku hiyo nilianza kuandika katika daftari maneno niliyokuwa nikiyasikia kambini na sokoni ambayo sikuhitaji kufasiriwa. Sukari ni azúcar, zafarani ni azafrán, zeituni ni aceituna, sifuri imekuwa cifra, yaani tarakimu. Ziwa la Albufera, linalolimwa mpunga pembeni mwa Valencia, maana yake ni bahari ndogo. Ndiyo bahari yetu hii hii katika umbo la udogo. Hata neno "hata" wanalo: husema hasta. Na meza na bendera, ambazo sisi tulizipata kwa Wareno, ni mesa na bandera. Mke wangu, ambaye hana subira na wataalamu wa lugha, alifaidi kuliko sisi sote, kwa kuwa alinunua limau, sukari na zafarani bila kufungua kitabu.

Maneno hayo hayakuja kwa upepo. Waislamu, Waarabu wachache na Waberberi wengi, walivuka kutoka Afrika mwaka 711 chini ya Tariq bin Ziyad, wakatawala sehemu kubwa ya nchi hiyo waliyoiita al-Andalus. Waliikuta mifereji ya Warumi, wakaitengeneza, wakaipanua, wakaleta mimea iliyotaka maji wakati wa kiangazi: mpunga, miwa, michungwa, biringanya. Wafalme wa Kikristo wa kaskazini wakashuka polepole. Toledo ilichukuliwa mwaka 1085, Cordoba mwaka 1236, Valencia mwaka 1238, Sevilla mwaka 1248. Mara nyingi wakulima Waislamu waliachwa mashambani, maana mfalme mpya naye alitaka kula. Baadaye wakalazimishwa kubatizwa: Granada na Castilla kuanzia mwaka 1500 hadi 1502, Valencia katika miaka ya 1520. Tangu hapo waliitwa Wamorisko, Wakristo kwa cheti, na walitazamwa kwa shaka na majirani zao na kwa makini zaidi na Baraza la Kuhoji Imani.

Tarehe 22 Septemba 1609 amri ya Mfalme Felipe wa Tatu ilisomwa hadharani katika mji wa Valencia. Wamorisko wote waondoke, wachukue wanachoweza kubeba, wapelekwe bandarini na kusafirishwa Afrika ya Kaskazini. Nimefundisha historia kwa miaka mingi na nimesoma amri nyingi za watawala, za Waingereza na Wajerumani na zetu wenyewe, lakini sijui nyingine yenye kifungu kama kilichomo katika amri hii. Kiliruhusu nyumba sita katika kila mia zibaki. Zibaki kwa nini? Ili zitunze majumba, viwanda vya sukari, mavuno ya mpunga na mifereji ya kumwagilia, na kuwafundisha wageni watakaokuja kuchukua mashamba. Chagua sita katika mia, wakuonyeshe namna ya kufungua maji, na hao tisini na nne wapande meli.

Nilikisoma kifungu hicho kwanza katika kitabu, zamani, lakini mezani mwa karavani, dumu la maji likiwa miguuni, kilinichoma kwa namna nyingine. Mwandishi wa amri ile hakuwa mjinga. Alijua vizuri kabisa anachokifukuza. Alijua kwamba maarifa hayo hayamo katika kitabu chochote cha serikali, yamo katika mikono na midomo ya watu hao, na kwamba mfereji usiposafishwa misimu miwili huwa bonde la majani. Alipima, akapata kiasi: sita kwa mia. Nionavyo mimi, hakuna maungamo makubwa kuliko hayo katika historia yote ya ufalme ule, na yameandikwa kwa lugha ya karani wa ghala.

Wengi kati ya hao waliotakiwa kubaki hawakukubali, wakaona afadhali kuondoka na ndugu zao. Na ni nani angekaa? Hadi mwaka 1614 walikuwa wamefukuzwa watu wapatao 300,000 kutoka Hispania yote. Valencia peke yake ilipoteza karibu theluthi ya watu wake. Miwa ya Gandia ilidorora, vijiji vingine vilikaa vitupu kwa miaka mingi. Mifereji ilinusurika kwa sababu Wakristo waliolima kando ya Wamorisko walikuwa wamejifunza kwao kwa karne nne, na ndio babu zao wale wenye majoho meusi.

Hapa niwakumbushe wasomaji wa pwani yetu jambo ambalo halisemwi sana madarasani. Tangu mwaka 1580 hadi 1640 taji la Ureno lilivaliwa na wafalme wa Hispania. Fort Jesus ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593 chini ya Felipe wa Pili, na yule mwanawe, Felipe wa Tatu, alipotia saini amri ya kuwafukuza Wamorisko, ndiye huyo huyo aliyekuwa akihesabiwa bwana wa Mombasa. Kalamu moja ilifika Valencia na ilifika kwetu.

Kabla sijaondoka Valencia, nina neno moja jingine la kiarabu la kutaja: rambla. Limetokana na ramla, mchanga, nalo ni jina la korongo ambalo huwa kavu mwaka mzima kisha siku moja likashusha mto. Mto Turia uliufurikia mji mwaka 1957, watu wapatao themanini wakafa, na serikali ikauchepusha ukapita kusini. Njia yake ya zamani leo ni bustani ndefu ambamo wajukuu wangu walicheza mpira. Tarehe 29 Oktoba 2024, mwaka mmoja baada ya sisi kupita, makorongo ya kusini mwa mji yalishuka kwa saa chache. Walikufa zaidi ya watu 220 katika mkoa wa Valencia, wengi katika vitongoji vilivyojengwa kando ya Rambla del Poyo. Jina lilikuwepo limeandikwa kwenye ramani muda wote.

Elche tulikaa usiku mmoja. Ina mitende wapatao 200,000 katikati ya mji, bustani zilizopangwa na Waislamu kwa mistari ya mifereji, na sikumbuki kivuli kizuri kuliko kile. Tukaendelea.

Kisha ukaja mkoa wa Almería, na bahari ambayo si bahari. Kutoka mlimani unaona weupe unaometa mpaka upeo wa macho, ukadhani ni maji, kumbe ni plastiki: zaidi ya hekta 30,000 za mashamba yaliyofunikwa, ambamo hulimwa nyanya, pilipili hoho, matango na biringanya za kulisha Ulaya wakati wa baridi. Nchi hiyo ni kavu kama Same upande wa magharibi wa milima. Maji huvutwa kutoka chini ya ardhi na kudondoshwa tone kwa tone kwenye kila shina. Na anayevaa buti asubuhi kwenda kuyatazama hayo matone ni nani? Ni Mmoroko, Mmali, Msenegali. Nilimkuta mmoja kwenye duka la kambi, kijana mwembamba, akinunua mkate na kadi ya simu. Binti yangu, mwenye Kifaransa kidogo, alitufasiria. Alitoka Kayes, Mali. Kwao pia walilima kando ya mto, alisema, na baba yake ndiye aliyemfundisha kugawa maji. Nikamwuliza analala wapi. Akaonyesha kwa kidevu upande wa mabanda ya mbao na plastiki kuukuu nyuma ya mashamba, tuliyokuwa tumeyapita tukidhani ni stoo. Akaniita "mzee" kwa lugha yake, binti yangu akanieleza, akakataa soda niliyotaka kumnunulia, akaenda.

Jirani na hapo ni mji wa El Ejido. Mwezi Februari 2000, baada ya Mmoroko mmoja mgonjwa wa akili kumwua mwanamke wa Kihispania, makundi ya watu waliwashambulia wahamiaji kwa siku kadhaa, wakachoma nyumba, maduka na magari yao. Wafanyakazi wakagoma kuingia mashambani. Mboga zikaanza kuharibika, na haikupita muda watu wakaketi mezani kuzungumza. Sita kwa mia, nilijisemea. Safari hii hesabu imegeuzwa tu.

Granada tulipanda kwa joto la nyuzi 40. Mengi yameandikwa juu ya kasri la Alhambra na sitayarudia. Nitasema habari ya maji yake. Kilima kile hakina chemchemi ya kutosha. Maji yaliletwa kwa Mfereji wa Kifalme, uliochimbwa katika karne ya 13, ukiyachota mto Darro yapata kilomita 6 juu na kuyaleta kwa mteremko mpaka kwenye bustani, mabafu na misikiti. Huna haja ya kuambiwa yalipo. Unayasikia kila chumba.

Mwaka 1350 alifika hapo mgeni ambaye sisi tunamjua: Ibn Battuta wa Tanja, yule yule aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji na ukarimu wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Sijui kama msomaji analiona jambo hilo kama ninavyoliona. Macho mamoja yaliiona Kilwa ya Husuni Kubwa, yenye nyua na bwawa la pembe nane, kisha yakaiona Granada ya Sultani Yusuf wa Kwanza. Yusuf alikuwa mgonjwa, hakuonana naye, ila mama wa sultani alimpelekea dinari za dhahabu. Ua wa Simba, ambao watalii wote hupiga picha, Ibn Battuta hakuuona. Ulijengwa baada yake na Muhammad wa Tano. Lakini aliziona bustani na mito ya bonde, na katika bustani mojawapo alikutana na kijana Ibn Juzayy, aliyekuja baadaye kuiandika safari yake. Kwa maneno mengine, habari za Kilwa tunazosoma ziliandikwa kwa mkono wa mtu wa Granada.

Mji huo ulisalimu amri tarehe 2 Januari 1492. Miezi mitatu baadaye, tarehe 31 Machi, humo humo, Fernando na Isabel walitia saini amri ya kuwafukuza Wayahudi. Mwaka 2015 bunge la Hispania lilipitisha sheria ya kuwapa uraia wajukuu wa Wayahudi hao, na wengi waliomba kabla dirisha halijafungwa mwaka 2019. Ni jambo jema, na ningepiga makofi kwa mikono yote miwili kama wajukuu wa Wamorisko nao wangekumbukwa. Hawakukumbukwa. Labda wao ni karibu mno. Kuvuka ni saa moja na nusu.

Cordoba tulikwenda kwa siku moja na kurudi, nikasimama katika ule msitu wa nguzo zaidi ya 800 ulioanzishwa na Abd al-Rahman wa Kwanza mwaka 785, na kanisa lililopandikizwa katikati yake katika karne ya 16. Kila mtu hutoka mle na maneno makubwa. Mimi niliyapenda machungwa ya uani na vijifereji vya mawe vinavyopeleka maji kutoka shina hadi shina.

Kutoka Granada tulishuka pwani ya Málaga na kuelekea magharibi, njia ya Ibn Battuta kinyumenyume. Usiku mmoja tuliegesha karibu na Fuengirola, kwenye kilima chenye ngome ya Suhayl. Leo pwani hiyo ni hoteli mlango kwa mlango. Yeye alipita hapo akitoka Marbella, nyuma ya wapanda farasi kumi na wawili waliomtangulia. Njiani akakuta farasi aliyekufa na kikapu cha samaki kimetupwa chini, akashuku. Kumbe manchani nne za Wakristo zilikuwa zimetia nanga, mlinzi hayupo mnarani, na wale wapanda farasi kumi wametekwa, mmoja ameuawa, mmoja ameponyoka. Akalala ngomeni chini ya ulinzi. Alipofika Málaga alimkuta kadhi ameketi msikitini na wazee, wanachanga fedha za kuwakomboa mateka. Niliwasimulia wajukuu kisa hicho nje ya karavani, wakatazama baharini kwa dakika nzima. Kulikuwa na mashua ya kukokota watu kwa parashuti.

Algeciras ndipo mwisho wa nchi. Ng'ambo ya ghuba ni Gibraltar, Jabal Tariq, mlima wa Tariq. Tangu mwaka 1986 serikali ya Hispania huandaa kila kiangazi mpango maalumu wa kuwavusha watu wa Afrika ya Kaskazini wanaofanya kazi Ulaya na kwenda makwao likizo. Kiangazi cha mwaka 2023 walivuka, kwenda na kurudi, zaidi ya watu milioni 3. Hiyo ndiyo karavani kubwa kuliko zote za Hispania, na Mholanzi hayumo. Magari yalikuwa yamepangwa bandarini kwa mamia, ya Ufaransa, Ubelgiji, Ujerumani, yamefungwa juu magodoro, baiskeli na majokofu. Sisi tulikuwa tumepotea njia, tukajikuta katikati ya foleni hiyo, na kwa muda mrefu hatukuweza kugeuza.

Gari la mbele yetu lilikuwa la mzee wa rika langu aliyefanya kazi katika migodi ya makaa ya Ubelgiji mpaka alipostaafu. Alitoka akaja kutuletea chai ya majani ya mnanaa katika glasi ndogo. Tulisalimiana, salaam kwa salaam. Akauliza watoto wana miaka mingapi, mjukuu mdogo akajibu kwa Kiswahili, "Saba," na mzee akacheka kwa furaha kwa kuwa hakuhitaji mkalimani. Alikuwa akienda Tetouan, mji ambao wakimbizi wa Granada waliujenga upya mwishoni mwa karne ya 15. Wazee wake, alisema, walikuwa wakijiita watu wa Granada, na jina la ukoo wao si la Kiarabu hata leo.

Nikamwomba binti yangu amwulize kama amewahi kuona Granada ilivyo.

Akasema barabara ya kutoka Madrid inapita ubavuni mwake, naye ameipita kila kiangazi kwa miaka zaidi ya thelathini, lakini hajawahi kusimama. Mtu akisimama Granada, alisema, huchelewa meli. Kisha foleni ikasogea, akachukua glasi zake akaenda kuwasha gari.